Thamani ya Vitabu vya Magari vya Baba

Katika mgawanyo wa mali ya marehemu baba, ng'ombe na shamba la pamba vilikwenda kwa ndugu zangu. Mimi niliye mwalimu nikapewa makaratasi: vijarida vya matangazo ya magari na vitabu vya ufundi vya Land Rover na malori ya Bedford. Sasa wapo ndugu wanaotaka viuzwe, maana wamesikia kuwa Ulaya vina wanunuzi. Swali lao ni la haki. Lakini thamani hiyo ni kwa nani?

Mkusanyaji wa Ulaya hutazama usafi. Kijarida kisichokunjwa wala kuandikwa jina hupata bei. Kitabu cha ufundi cha Land Rover hakina bei kubwa, kwa kuwa vimechapishwa upya. Na kilicholowa oili na kuchorwa kwa penseli huhesabiwa kuwa kimeharibika.

Huku kwetu hesabu ni nyingine. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928, lakini pamba ililimwa mbali na stesheni. Mwaka 1940 Dakta John Williamson aligundua almasi Mwadui. Geita nako dhahabu ilichimbwa hadi mgodi ule wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1955 wakulima wa pamba, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao katika VFCU. Kote huko yalihitajika magari, na magari yalihitaji watu wa kuyaelewa.

Watu hao walikuwa baba zetu. Walianza kama utingo, wakawa madereva, wachache wakawa mafundi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, nao Kiingereza hawakukisoma. Kitabu cha baba ni cha Land Rover Series II, iliyotoka mwaka 1958. Kando ya mchoro wa injini ameandika 1-3-4-2, yaani mpangilio wa silinda kuwaka, na chini yake: "hesabu kuanzia mbele". Kwenye gia ameandika majina ya vipuri kwa Kiswahili na Kisukuma. Kurasa za breki zimechakaa kuliko zote. Za kusafisha na kung'arisha bodi hazikuguswa.

Nimefundisha walimu miaka mingi, na ninaijua kazi ya mwanafunzi ninapoiona. Hii ni shule, ila haikuwa na darasa wala cheti. Habari za Williamson na Bomani zimeandikwa. Za waliolala chini ya malori yaliyokwama kwenye mbuga za Shinyanga hazina mwandishi. Vijana wanaoshika mitambo ya mgodi mkubwa uliofunguliwa Geita mwaka 2000 wanaweza kudhani kuwa ufundi uliletwa kwao juzi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo nimewaambia ndugu zangu hivi: vijarida safi viuzwe, fedha tugawane, kwani nakala nyingine zipo duniani. Kitabu chenye oili hakiuzwi, kwa sababu hakina cha pili.

Nawe msomaji, ukirithi vitu kama hivi, usifute penseli wala usibandike gundi. Viepushe na mchwa. Kisha, wazee wangali hai, andika kwenye karatasi ya pembeni: gari lilikuwa la nani, liliendeshwa wapi, na nani alilitengeneza.