Kutoka Unguja Hadi Jidda: Masafa, Muda wa Ndege na Mahali pa Kuhirimia



Wanaojitayarisha kwa Umra huuliza sana: ndege inachukua saa ngapi mpaka Jidda? Wengi huuliza kwa ajili ya dawa, chakula na watoto. Lakini anayekwenda kuhirimia ana sababu kubwa zaidi ya kulijua jibu.

Unguja na Jidda ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, nyuzi 39 mashariki. Mstari huo una kilomita 3,100 hivi: unapita Kenya, Ethiopia na Eritrea, kisha Bahari ya Sham. (Makka nayo iko karibu hapo hapo, ndiyo maana kibla chetu visiwani ni kaskazini.) Ndege iendayo moja kwa moja huchukua saa nne au zaidi kidogo. Saa ya mkononi haibadilishwi, kwani nchi hizi mbili hufuata wakati mmoja. Anayeunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Dubai ahesabu na muda wa kungojea.

Sasa mas-ala yenyewe. Mikati ya wanaokuja kutoka upande wa kusini ni Yalamlam, na ndege huwa sambamba nayo kabla ya kufika Jidda, robo saa mpaka nusu saa kabla ya kutua. Angani ndege hukata kama kilomita 14 kwa dakika moja, basi aliyesinzia dakika tano ameshapitwa na kilomita 70. Mwenye nia ya Umra akiivuka mikati bila kuhirimia itampasa arudi, na asiporudi atachinja mbuzi Makka, nyama wapewe masikini wa huko. Wapo wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu kuhirimia Jidda kwa anayekuja na ndege, lakini wengi hawakulikubali hilo.

Kwa hiyo oga na uvae ihramu nyumbani, au uwanjani kabla ya kupanda. Nia iweke baada ya saa ya tatu ya safari, wala usingoje tangazo la rubani. Pengine halitoki, pengine litakukuta umelala. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kuhirimia kabla ya mikati kunasihi. Kuichelewesha ndiko kwenye khatari.

Safari moja tulikuwa na mzee aliyeiweka ihramu yake katika begi kubwa, likaenda chini ya ndege. Tumeshafika juu ya bahari ndipo anauliza. Mama mmoja akatoa doti ya kanga mpya, mzee akavua kanzu, akajifunga moja na kujitanda ya pili, akahirimia. Wapo waliocheka, lakini ihramu yake ilisihi: sharti kwa mwanamme ni nguo isiyoshonwa kwa umbo la mwili, na weupe ni sunna tu.

Anayetokea Doha au Dubai mikati yake ni Qarnul-Manazil, nayo huvukwa angani vile vile. Ama anayeanzia Madina kwa ziara, huyo asihirimie ndegeni. Mikati yake ni Dhul-Hulayfa, siku atakayotoka Madina kwenda Makka.

Na Allah Anajua zaidi.