Kalambo: Maporomoko marefu kuliko Victoria, yapo jirani na Songwe

Ukiwa Hasamba, safari ni hii: unafika Tunduma, unashika lami ya Sumbawanga, kisha Matai, wilayani Kalambo, mkoa wa Rukwa. Usidanganyike na ramani, ni mbali.

Hapo Mto Kalambo, mpaka wetu na Zambia, unadondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Victoria, yenye jina kubwa, ina mita 108 hivi. Yenyewe inashinda kwa upana, tena mbali sana.

Kwa nini maji yaanguke hapo? Ni Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka ikazama, likajaa Ziwa Tanganyika, mto ukabaki juu unaning'inia. Ukingo wake ni kwatsaiti, yaani mchanga wa kale uliogandamizwa na kupikwa na joto la chini ya ardhi hadi ukawa mwamba mgumu. Maji yanaula polepole mno. Kutoka hapo mto unapita korongoni, kilomita chache tu unaingia ziwani.

Cha ajabu zaidi kimepatikana juu ya maporomoko. Mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, ya miaka 476,000 hivi. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea! Mbao kwa kawaida huoza. Hizi ziliokolewa na udongo uliolowa maji muda wote.

Nenda mvua zinapoishia, Aprili au Mei, maji yakiwa mengi. Kiangazi yanapungua sana. Na selfi za ukingoni acha kabisa: mwamba uliolowa unateleza, na hakuna cha kushika.