Risasi Isiyotoka kwa Bunduki

Wasee wa Busia na Malaba, mkisikia risasi mnawaza bunduki. Mimi nawaza betri. Hapa mpakani foleni ya malori haiishi, na kila lori lina betri ya risasi ambayo siku moja itakufa.

Turudi Mombasa, 2009. Phyllis Omido alipata kazi kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu pale Owino Uhuru. Mtoto wake mchanga akaugua. Wakatibu malaria, wakatibu taifodi, wapi! Damu ilipopimwa risasi ndipo ukweli ukatoka. Kiwanda kilifungwa 2014. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi.

Mimi hiyo historia inanifunza kitu kimoja: risasi hujificha. Tumbo kuuma, damu kupungua, mtoto kuwa mzito darasani, yote yanafanana na ugonjwa mwingine. Ubongo ukishaharibika, haurudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama. Maabara ikipata mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe.

Kwa hivyo kama mtaani kwenu betri zinapasuliwa, na "malaria" ya mtoto haiishi, muulizeni daktari: risasi mmepima?