Kalafati

'''Kalafati''' (neno lenye asili ya Kiarabu) ni kazi ya kuziba nafasi na nyufa ndogo kati ya mbao za chombo cha majini ili maji yasipenye. Kitenzi chake ni ''kukalafati''. Katika pwani ya Afrika Mashariki hufanywa kwenye majahazi na mashua. Ufa mdogo ukiachwa, maji huozesha mbao na kuliza kutu misumari ya chuma, na chombo kinaweza kufumuka kikiwa safarini.

== Namna ya kukalafati ==
Chombo hupandishwa ufukoni wakati wa bamvua na kuegemezwa kwa magadi, kisha kazi hufanyika maji yakipwa. Fundi hutoa pamba kuukuu, husafisha chumvi na uchafu, halafu husokota pamba mpya iliyolowekwa katika mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa. Pamba hiyo husukumwa ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo.

Pamba hufaa kwa sababu ni laini. Mbao zikilowa huvimba na kuibana, na zikikauka husinyaa. Kwa hiyo chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja kinaposhushwa majini, kisha uvujaji hupungua mbao zinapovimba. Ufa wa mbao kavu ukijazwa kwa nguvu kupita kiasi, mbao zikivimba husukumana na huweza kung'oa misumari.

== Deheni ==
Baada ya kukalafati, sehemu ya chombo inayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Deheni huzuia wanyama wa baharini wa familia Teredinidae, ambao hutoboa mbao. Hukwanguka na kuisha, hivyo hupakwa upya mara kwa mara. Sehemu ya juu hupakwa sifa ili jua lisipasue mbao.

== Mitumbwi ya bara ==
Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja, kwa hiyo hauna maungio ya mbao. Nyufa zake hutokea gogo linapokauka. Mti mmoja unaopendwa kwa kazi hiyo ni mninga (''Pterocarpus angolensis''), ambao mbao zake husinyaa na kuvimba kidogo sana. Mninga huota katika misitu ya miombo ya mkoa wa Tabora, pamoja na maeneo ya Urambo na Usoke. Mtumbwi ukiwekwa kivulini hupasuka kidogo kuliko ulioachwa juani.

== Vyombo vya faiba ==
Boti za faiba na mbao za kuteleza juu ya mawimbi hutengenezwa kinyume na kanuni ya mbao: faiba haivimbi, hivyo ufa haujifungi wenyewe. Chombo hutolewa majini, husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa kabisa, kwa kuwa gundi haishiki penye unyevu. Ufa husuguliwa kwa msasa, hufunikwa kwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa gundi iliyochanganywa na kigumishi, na ikikauka husuguliwa tena.

Gundi ya poliesta huyeyusha povu la polistireni. Ubao wenye povu la aina hiyo hurekebishwa kwa gundi ya epoksi, ambayo hailiyeyushi.

== Tazama pia ==
* Jahazi
* Mtepe
* Mtumbwi
* Ngalawa