Chumvi ya tangi la matumbawe

Mchanganyiko wa madini unaoyeyushwa katika maji yaliyochujwa ili kuiga bahari, ambayo kila kilo ya maji yake ina takriban gramu 35 za chumvi. Iliyo bora huyeyuka bila kuacha tope jeupe na hutoa kalisi ya miligramu 400 hivi kwa lita, inayojenga mifupa ya matumbawe. Chumvi ya mezani haifai. Hata ya mashamba ya Pemba haifai: maji yakikauka juani chokaa hutangulia kutuama, na magnesi nyingi humwagwa pamoja na maji machungu yanayobaki. Kisiwani Unguja, mfuko wa mchanganyiko uliofunguliwa hushika unyevu ukaganda kama jiwe. Kwa mkazi wa Tunguu kisiwani humo, dumu la maji ya bahari ya Chwaka, lililochotwa bahari imejaa na si baada ya mvua za masika, ni rahisi zaidi.