Diski Haikuumbwa Iwe ya Windows Peke Yake

Kila nikitaja Linux, kuna msee lazima aulize: "Si itanifutia Windows na kila kitu?" Swali la maana, juu wengi wetu tuko na laptopu moja tu, na maisha yote yako ndani. Lakini huo uoga uko na historia yake.

Rudi 1983. IBM wanatoa PC XT yenye diski ya MB 10. (Leo picha chache za simu zinaijaza.) Inakuja na DOS 2.0, na mwanzoni kabisa mwa diski kuna jedwali la baiti 64 tu, lenye nafasi za patisheni nne. Mbona nne? Ndiyo mifumo tofauti iweze kuishi pamoja. Ploti moja, nyumba nne, kila mpangaji na mlango wake. Kugawana diski haikuwa ujanja wa mahaka, ilikuwa plani ya landilodi mwenyewe.

Shida ni kwamba mpangaji mmoja alizoea kupewa ploti nzima. Ukitaka kumkaribisha mwingine, ulinakili faili zako kwa flopi moja baada ya nyingine, ukafuta patisheni na FDISK, ukagawa upya, ukarudisha. Flopi moja ikigoma, pole. Miaka ya 90 Arno Schaefer akaandika FIPS, programu ya bure iliyopunguza patisheni ya DOS bila kuifuta. Haikuhamisha faili hata moja. Ilikata tu mwisho ulio wazi, kwa hivyo ulizisogeza faili mbele kwanza. PowerQuest nao wakauza PartitionMagic, ambayo ilisogeza yenyewe. Kwangu hawa walisaidia Linux kufika mitaani kuliko hotuba zote za uhuru wa programu.

Na Linus Torvalds mwenyewe? Diski yake ilikuwa na Minix na Linux. Siku moja alitaka modemu ipigie kompyuta ya chuo, amri zikaenda kwa diski, zikaandikwa juu ya patisheni ya Minix. Kwisha. Akaamua kubaki na Linux. Angalia vizuri lakini: kugawa diski hakukumponza, alielekeza amri mahali si pake. Mpaka leo hiyo ndiyo ajali ya kuogopa.

Tangu Vista ya 2007, Windows inajipunguza yenyewe ukiingia Disk Management, kwa hivyo iache ijipunguze, usiilazimishe kutoka nje. Kabla ya hapo nakili faili zako kwa diski nyingine, na uandike mahali ile namba ya BitLocker ya tarakimu 48. Zima Fast Startup pia. Hiyo kitu ilikuja na Windows 8, na inafanya Windows isinzie badala ya kuzima kabisa, halafu Linux ikiandika kwa patisheni yake, faili zinaharibika. Chomeka chaja. Ukifika pale Linux inauliza ikae wapi, soma ukubwa wa diski mara mbili, chagua ile nafasi tupu, na ile patisheni ndogo ya EFI usiiformati, juu mlango wa Windows uko hapo.