Wanafunzi wa kujitolea wanaozamia: wanafanya nini katika bahari yetu, na tuwaulize nini kabla ya kuwapokea

Wakazi wa Shimoni, Mkwiro, Diani na Watamu wamezoea kuwaona. Vijana wa miaka kumi na minane hadi ishirini na kitu, wengi kutoka Ulaya na Marekani, wanashuka na mabegi makubwa na kukaa wiki mbili, mwezi, mara nyingine miezi mitatu. Asubuhi wanapanda mashua na mitungi yao. Alasiri utawakuta shuleni wakipaka rangi madarasa au wakicheza mpira na watoto, na Jumamosi wanaokota plastiki ufuoni. Wako wanaowaita watalii, wako wanaowaita wafadhili, na watoto huwaita walimu. Hakuna jina katika hayo linalowaenea sawasawa, na kwa sababu hatujui wao ni nani hasa, mara nyingi hatujui pia tuwadai nini.

Safari hizi ni za kulipia. Shirika, ambalo makao yake huwa ng'ambo, huandaa kambi karibu na bahari na kumtoza kila mwanafunzi ada. Kwa mwezi mmoja ada hiyo hufika laki kadhaa za shilingi, nauli ya ndege mbali. Ndani yake mna chakula, malazi, mafunzo ya kuzamia na nafasi ya kushiriki katika utafiti wa viumbe na kazi za kijiji. Wengine huja katika ule mwaka wa mapumziko kati ya sekondari na chuo kikuu, wengine wanakusanya takwimu za tasnifu. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulikosa: mfadhili wa mradi ni mwanafunzi mwenyewe. Mradi wa namna hii hauishi kwa msaada wa serikali ya nje, unaishi kwa ada. Wanafunzi wasipokuja, kama ilivyokuwa 2020 usafiri ulipofungwa kwa korona, hela hukatika, na utafiti husimama siku hiyo hiyo.

Mtindo huu ulikulia Uingereza. Mwaka 1984 ilianzishwa Operation Raleigh, iliyopeleka vijana nchi za mbali kwa kazi za sayansi na za jamii. Mwaka 1986 likaja shirika la Coral Cay Conservation, lililoanzia Belize kwa wazo jipya wakati huo: mtu asiye mwanasayansi anaweza kufundishwa kwa wiki chache kuyatambua matumbawe na samaki, kisha akahesabu kwa niaba ya wataalamu. Wazo hilo lilifika mwambao wetu mapema. Mwaka 1989 shirika la Frontier lilianza kazi Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wazamiaji wake wa kujitolea walipima miamba ya Mafia miaka kadhaa kabla ya kisiwa hicho kupata hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania, mwaka 1995. Mwaka huo huo Operation Wallacea ilianza Sulawesi, Indonesia, ikiwapeleka wanafunzi kuzamia na kusoma msitu katika safari moja.

Kwetu Kenya, mfano ulio karibu ni Kisite-Mpunguti, kusini mwa Kwale. Eneo hili lina sehemu mbili zinazochanganywa mara kwa mara: Mbuga ya Kisite, kilomita za mraba 28, ambako uvuvi wa aina yoyote ni marufuku, na Hifadhi ya Mpunguti, kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zote ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wanafunzi wa kujitolea waliokaa Mkwiro walishiriki hapo kuwapiga picha pomboo. Kazi yenyewe ni ya subira. Mashua hufuata mkondo uliopangwa, watu wanaangalia pande zote, na pomboo wakionekana hupigwa picha ya pezi la mgongoni. Kila pezi lina pengo na makovu yake, kama alama ya kidole. Ukikusanya picha za miaka mitatu minne unaweza kujua ni pomboo wangapi wanaoishi hapo, nani amerudi na nani haonekani tena. Picha hizo zilikuja kutumiwa katika makala za kisayansi kuhusu namna mipaka ya mbuga inavyowafaa au kutowafaa wanyama wanaohama. Kwa nahodha wa Shimoni anayeishi kwa kuwapeleka wageni kuwatazama pomboo, habari hiyo ni mtaji.

Tuje kwenye kuzamia. Watu husema mtungi una oksijeni. La, una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ile ile tunayovuta. Cheti cha kwanza cha mzamiaji humruhusu kushuka hadi mita 18. Ili akipate ni lazima aogelee mita 200, aelee dakika kumi bila kushika kitu, ajaze fomu ya afya na afanye mizamio minne baharini na mwalimu. Cheti cha pili humfikisha mita 30. Hatari kubwa haiko kwenye kina chenyewe bali kwenye kupanda: akipanda haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka povu kwenye damu na viungo. Kwa sababu hiyo hiyo mtu aliyezamia mara kadhaa hushauriwa akae si chini ya saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wavuvi wetu wa kamba na pweza, wanaozama kwa pumzi moja, hawana tatizo hilo kwa kiasi hicho. Wana yao mengine.

Kule chini mwanafunzi hanyakui chochote. Anatandaza utepe juu ya mwamba na kuandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Njia inayotumika sana, ya Reef Check, ina utepe wa mita 100 wenye vipande vinne vya mita 20. Kila nusu mita anaandika kilichoko chini ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mchanga, mwani. Samaki huhesabiwa katika upana wa mita tano, na hawahesabiwi wote, bali wale wanaoeleza hali ya mwamba, kama chewa na kipepeo. Changu wa kwenye sufuria wengi wetu tunamjua kuliko wao, lakini kukadiria urefu wa samaki anayepita, ukiwa majini ambako kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, ni ujuzi wa kufundishwa.

Je, takwimu za wanafunzi zinaaminika? Zikikaguliwa, ndiyo. Wiki ya kwanza isiwe ya kukusanya kitu, iwe ya kujaribiwa hadi watu wawili waupime mwamba mmoja na kupata jibu moja. Na faida haiko katika mzamio mmoja, iko katika kurudia mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Joto la bahari la 1998 lilipoyageuza matumbawe kuwa meupe, na sehemu kubwa yakafa, ni wale waliokuwa na vipimo vya zamani tu walioweza kusema tumepoteza kiasi gani. Shirika linalokaa misimu miwili na kuondoka na daftari zake limetuachia picha za mitandaoni tu.

Kisha kuna suala la majira, ambalo matangazo yao hayaligusi. Wanafunzi wengi huja Juni hadi Agosti, maana ndiyo likizo ya vyuo vyao. Huo ni wakati wa kusi. Bahari imechafuka, maji yana ukungu, na siku nyingine nahodha mwenye akili hatoki kabisa. Bahari safi ni ya kaskazi. Mwanafunzi aliyelipa ada yake anataka kuzamia, shirika linataka kumridhisha, na katikati yao yupo nahodha wetu anayeshinikizwa atoke. Neno la nahodha ndilo liwe la mwisho, na mkataba useme hivyo kwa maandishi.

Si lazima kazi iwe ya mitungi ili iwe na maana. Nadhani mradi uliotufaa zaidi mwambao huu haukuwa na mzamiaji hata mmoja. Gazi, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, na wenzao wa Uskoti waliwatumia watu wa kujitolea wa Earthwatch kupima na kupanda mikoko. Vipimo hivyo vikawa sehemu ya msingi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013: hekta 117 za mikoko ambazo hewa ya ukaa iliyohifadhiwa ndani yake huuzwa ng'ambo, na fedha huingia mfuko wa kijiji. Zimelipia maji na vifaa vya shule. Vanga wakafuata na mradi wao. Wageni walikuja wakaondoka, na kilichobaki kina kamati ya wenyeji, hesabu na akaunti.

Upande wa kazi za jamii ndiko kwenye mushkeli. Kijana wa miaka kumi na tisa asiye na cheti cha ualimu hawezi kufundisha kwao, lakini hapa anapewa darasa la nne wiki tatu, anaondoka, anaingia mwingine na kuanza tena na nyimbo zile zile. Ukuta wa shule unapakwa rangi kila Julai, huku fundi wa rangi wa kijiji kile kile amekaa barazani hana kazi. Wanafunzi wenyewe sina ugomvi nao, wengi huja na nia njema na hutokwa jasho la kweli. Ugomvi ni na anayepanga.

Kwenye nyumba za watoto yatima hakuna la kujadili. Kenya ilisitisha usajili wa taasisi mpya za watoto mwaka 2017, na siasa ya nchi, pamoja na Sheria ya Watoto ya 2022, inaelekea kuwarudisha watoto kwenye familia. Shirika linalowauzia wanafunzi wiki mbili za kuwabeba watoto mayatima lina biashara nyingine, si hifadhi. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni uzito wa haki ya yatima hatukupaswa kungoja sheria hiyo.

Na maji. Kisiwa cha Wasini hakina mto wala kisima cha maji baridi cha kutegemewa. Kwa miaka mingi watu wameishi kwa mvua iliyokingwa kwenye majabia na kwa madumu yaliyovushwa kutoka Shimoni. Vifaa vya kuzamia lazima visuuzwe kwa maji baridi kila siku, la sivyo chumvi huvila. Weka kambi ya watu ishirini, kila mmoja na suti yake na kuoga kwake mara mbili, uone jabia linavyoshuka. Atakayeleta maji na kuyalipia lazima ajulikane kabla mahema hayajasimamishwa.

Kisheria, kijiji kina nguvu kuliko kinavyodhani. Kibali cha kuingia nchini kwa utalii hakimruhusu mtu kufanya kazi, hata isiyo na malipo, hivyo anayekuja kufanya utafiti au kufundisha anahitaji kibali chake. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, na mtafiti mgeni lazima awe na taasisi ya Kenya anayoshirikiana nayo. Ndani ya mbuga inahitajika idhini ya KWS. Sehemu nyingine za ufuo zina BMU, ambayo ni chombo cha kisheria tangu kanuni za 2007, si kikundi cha kutia sahihi na kupewa soda. BMU iombe kuona karatasi hizo. Iulize takwimu zitakaa wapi na nakala ipi itabaki hapa, kwa lugha gani. Iulize pia katika kila ada ya mwanafunzi kiasi gani kinabaki kijijini, na kinalipwa kwa nani. Mavazi kijijini, pombe, kupiga picha watoto na akina mama, na ratiba ya mwezi wa Ramadhani yaandikwe tangu mwanzo, maana kumwambia mgeni ajifunike baada ya kufika ni aibu kwake na kwetu.

Lakini swali ninalolitaka mimi kwanza ni hili: watoto wetu wangapi watazamia? Ni aibu kijana wa Shimoni kuwa mbeba mitungi miaka sita bila cheti hata cha kwanza. Kutoka cheti cha kwanza hadi daraja la kuongoza wazamiaji, linalotaka umri wa miaka 18 na mizamio isiyopungua 60, ni njia ya msimu mmoja au miwili ikiwa kuna wa kulipa. Kila kundi la wanafunzi kumi likilipia nafasi moja ya mwenyeji, kijiji kitakuwa na waongozaji wake baada ya miaka michache. Wako pia wanafunzi wa sayansi ya bahari Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa ambao hawajawahi kuuona mwamba wanaousoma, isipokuwa kwenye skrini.

Wazazi wa mabinti husita, na sababu zao nazijua: mavazi, kuchanganyika, mwalimu mwanamume. Nungwi, Unguja, tangu 2011 mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa na vazi la kujisitiri mwili mzima, wakifundishwa na wanawake. Suti ya kuzamia yenyewe hufunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, kofia yake ipo, na mwalimu mwanamke anaweza kuombwa. Shirika linalotaka kuja Mkwiro au Gazi mwakani lianze kwa kumtafuta mwalimu huyo.